Tai Nyeusi ya Wekesa

Alhamisi jioni, 1969

Kumbe "tai nyeusi" kwenye kadi ya mwaliko wa karamu ya Jumamosi si tai tu! Ni suti nyeusi kamili, na tai yenyewe ni ile ya kipepeo. Fundi wa River Road anayekodisha suti ndiye aliyetufumbua macho leo, mimi na mume wangu Wekesa.

Wekesa ni seremala. Alikasirika palepale. "Mama Nekesa, nenda peke yako. Hiyo karamu ni ya watu wa ofisini kwenu."

Niliumia. Mimi ndiye Mwafrika wa kwanza kuwa sekretari wa mkurugenzi pale, na sitaki kukaa kando ya kiti kitupu. Suti nikaikodi hivyo hivyo.

Tulirudi nyumbani, mtaa wa Satellite. Nikipika chai, nikamwambia ukweli: si yeye peke yake, hata mimi naiogopa hiyo karamu. Sijui uma upi unaanza kutumiwa mezani, na gauni refu sijawahi kuvaa.

"Wewe? Na vile unaongea na wazungu kwa simu?" Akacheka mpaka nikacheka.

Baadaye akaivaa suti, akaniita nimfunge tai. Tulihangaika nayo, ikakaa upande.

"Basi Jumamosi tutakosea wawili," akasema.

Hofu haijaisha, lakini sasa naingoja Jumamosi kwa hamu.