Herufi Saba Alizoziruka Mkwe

Baba Rael,

Natumai mgongo umepoa na kwamba unakula chakula, si chai na mihogo kutwa. Sisi huku Kayole tuko hai. Sisemi wazima, na sababu utaijua. Naandika kwa kuwa nikianza kusema kwenye simu unaikata, halafu unasingizia mtandao. Barua haikatwi. Keti usome.

Unajua nilipanga chumba changu, mlango wa tatu kutoka kwa Rael, maana mama halali nyumba moja na mkwe wake, wala hamtazami usoni. Mwiko huo nimeushika. Jumapili tukitoka kanisani naenda kwao, nakaa nyuma ya pazia upande wa jiko, mjukuu wetu Imani mapajani, na mkwe anakaa kwenye kochi na gazeti lake. Anapenda lile fumbo la maneno. Anasoma swali kwa sauti, mimi namwambia Rael jibu, Rael anamwambia yeye, na sote tunasikiana vizuri kabisa. Ndiyo heshima. Na usinicheke, ngumbaru niliyosoma ukubwani imenitosha kumshinda mara nyingi.

Sasa Jumapili iliyopita fumbo lilikuwa la magonjwa. Kitu kinachomtoka mtu usiku akiwa na homa, herufi tano. Kabla sijafungua mdomo akajibu, jasho. Hutoka kifuani na kumnyima mtu usingizi. Kikohozi. Mwili kukosa nguvu. Uchovu. Alijibu kama mtu anayetaja mifugo yake. Nikaacha kumbembeleza Imani, kwa sababu wiki tatu nzima nimekuwa nikiona shuka zao zimefuliwa, ziko kwenye kamba kila asubuhi, na nikimuuliza Rael anasema mtoto amekojoa. Mtoto gani huyo wa kulowesha shuka mpaka upande wa baba yake? Na kikohozi waliniambia ni vumbi la mbao, eti kwa sababu mkwe ni fundi wa viti.

Likaja la mwisho. Mtu asiye na afya, herufi saba. Hilo hata mimi wa ngumbaru nililipata kabla hajamaliza kusoma. Mkwe akakunja gazeti. Kisha akasema, "Hilo tuliache wazi, Rael."

Nilikasirika mpaka masikio yakashika moto. Nikakukasirikia na wewe, maana wiki ya kwanza nilikupigia nikakwambia mkwe anakohoa vibaya, ukanijibu kwamba mwanamke hamsemeshi mkwe wake, ningoje uje Desemba. Desemba, Baba Rael, na mtoto analala katikati yao.

Nikafungua pazia. Nikasimama mbele yake nikamtazama usoni, mara ya kwanza tangu alipoleta ng'ombe wa mahari. Amekonda, shingo kama ya jogoo aliyenyeshewa. Akainamisha kichwa akitafuta mlango. Rael akajifunika macho utadhani nimevua nguo.

"Mgonjwa," nikamwambia. "Andika. Na kesho nakupeleka kupimwa mimi mwenyewe."

"Mama, nikilala kitandani nani atafanya kazi?" Alikuwa anaongea na sakafu.

"Na ukilala kaburini?"

Asubuhi alinifuata zahanati, hatua kumi nyuma yangu, na heshima zake za kijinga. Ni kifua kikuu. Dawa ni za bure, miezi sita. Imani amepimwa, hana, amepewa dawa za kinga. Rael pia hana, ila nimemwambia akinidanganya tena kuhusu shuka nitazifua mwenyewe, yeye akiwa ndani yake. Muuguzi alisema apatikane mtu wa kumwona akimeza kila siku, maana wengi huacha wakipata nafuu. Rael huenda kiwandani alfajiri. Nikasema niandikwe mimi.

Msalimie dada yako mkubwa, mwambie mizizi yake ya dawa abaki nayo. Msalimie jirani anayetukamulia ng'ombe, na mama mchungaji, atuombee lakini asitangaze. Wazee wakija kuuliza habari ya mwiko, usiwaambie nilijisahau. Waambie nauvunja kila siku saa moja asubuhi, uso kwa uso na mkwe wangu, na simwachi mpaka afungue mdomo nione kidonge kimeshuka.

Mkeo,
Mama Rael