Baba Anataka Mtutu Ushikwe, Mume Anataka Uelee

Mpendwa Shangazi, naomba unisikilize mpaka mwisho, maana nikimweleza mtu wa nyumbani nitakuwa nimejipalia makaa. Mimi ni mke na mama wa mtoto mmoja, tena ni mlenga shabaha wa klabu yetu, nalala kifudifudi na kutoboa karatasi kwa bunduki, usicheke, ni mchezo kama mingine, na mwezi ujao wanachagua timu, nafasi ambayo nimeitamani tangu sijaolewa. Shida yangu ni mbao. Baba yangu ni seremala, na kitako cha bunduki yangu, ile mbao yote inayobeba chuma, alikichonga mwenyewe, akanilaza kwenye sakafu ya karakana yake apime shavu langu linapokaa, akaacha mbao iushike mtutu mpaka mbele, anasema, "Mwanangu, chuma kisiposhikwa kitacheza." Mume wangu ndiye kocha wetu, naye anasema, "Mke wangu, mtutu ukipata moto unatanuka, na mbao ikipata unyevu inavimba inausukuma, tuikwangue hiyo mbao mpaka karatasi ipite chini ya mtutu bila kukwama, mtutu uelee." Basi ni vuta nikuvute. Baba akija Jumapili kumsalimia mjukuu, hata chai haijapoa ameshaomba aione bunduki, namwambia ufunguo wa kabati uko juu ya friji, anaenda kuipapasa chumbani na bisibisi yake mfukoni, na mume wangu kila Ijumaa anajifungia nayo anaisafisha, hataki hata nimshikie kitambaa. Juzi mezani mume wangu alisema, "Mzee abaki na makabati yake," baba akaweka kijiko chini akaondoka bila kuaga. Na risasi zangu, Shangazi, zamani matundu yote ungeyafunika kwa kifuniko cha soda, sasa kwenye mazoezi ya Jumatano zinapanda juu, ya Jumamosi zinaangukia kushoto, na kila mmoja ananiambia, "Si unaona?" Nikikwangua mbao ile nitakuwa nimemkwangua baba, nisipokwangua mume wangu ataona simwamini, na msasa nimeshanunua, nimeuficha chini ya godoro. Niikwangue mbao au niiache?

Wako, Mwenye Msasa

JIBU LA SHANGAZI

Mwenye Msasa, kwanza toa huo msasa chini ya godoro umpe baba yako akasugulie viti. Mbao ikishakwanguliwa hairudi.

Pole, mwanangu. Najua inavyouma kupendwa na watu wawili wanaovutana. Ila umeniletea jambo ninalolijua, kwa sababu marehemu mume wangu alikuwa fundi wa bunduki, na meza yetu ya chakula ilikuwa na skrubu nyingi kuliko vijiko. Wamekuaminisha kwamba lazima uchague mmoja. Si kweli! Kinachotakiwa kushikwa ni mwili wa bunduki, kule nyuma mtutu unakofungiwa. Pale pakae kwenye mbao bila kucheza hata kidogo, na mafundi hujaza mapengo kwa gundi ngumu. Hapo baba yako yuko sahihi. Kuanzia hapo kwenda mbele, mitutu mingi hupenda kuelea, na hapo mume wako yuko sahihi. Lakini ipo mitutu, hasa myembamba, inayotulia ikiegemea mbao kidogo. Wako uko kundi gani? Sijui mimi, na wao hawajui, ila wanajifanya wanajua.

Sasa soma barua yako mwenyewe, maana umeandika jibu ukalipita. Kitako ni kilekile kilichokupa matundu ya kifuniko cha soda. Kilichobadilika ni nini? Baba Jumapili anakuja na bisibisi. Mume Ijumaa anajifungia. Mmoja anabana skrubu zinazofunga chuma kwenye mbao, mwingine anazilegeza, na wewe Jumatano unalalia bunduki ya baba, Jumamosi ya mume. Halafu unajilaumu! Na wewe pia nakugombeza: ufunguo wa kabati la bunduki juu ya friji, nyumba ina mtoto? Aibu. Uuvae shingoni leo hii.

Kisha waite wote wawili karakanani kwa baba, si kwako. Waambie hivi: "Nawapenda wote, lakini anayelala nyuma ya bunduki hii ni mimi." Bunduki ikiwa tupu, baba akate vipande vyembamba vya bati, avitie chini ya mwili wa bunduki mpaka mtutu unyanyuke kutoka kwenye mbao. Mume apitishe karatasi yake chini, aridhike. Upige. Vitolewe, skrubu zibanwe kwa nguvu ileile, upige tena. Mbao haijaguswa, na karatasi ya shabaha imesema. Ikisema mtutu uelee, atakayekwangua mbao ni baba yako, kwa mkono wake uliochonga, na mume amshikie taa.

Mkimaliza, chukua rangi ya kucha, nyekundu ile ya sherehe, uchore mstari kutoka kichwa cha kila skrubu hadi kwenye chuma cha pembeni. Mstari ukikatika, utajua mkono umepita, na mwenye mkono huo atakaa nje siku ya uchaguzi wa timu.

Na siku hiyo wakikuuliza nani alikuwa sahihi, waonyeshe matundu yako, funga kabati, rudisha ufunguo shingoni.