Nilitia Asali kwenye Uji wa Mkaza Mwanangu

Bi Ummi wa safu hii, salamu nyingi. Shikamoo kama umenizidi umri, na kama nimekuzidi mimi basi nyamaza tu, maana wiki hii sioni kama nastahili kuamkiwa na mtu. Naomba msaada wako, na naomba uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujaniita jina lolote.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na tisa, mkaazi wa Munje, na nimejaaliwa mtoto mmoja tu wa kiume, Ishak, ambaye ni baharia wa meli za mizigo, akiondoka huondoka miezi tisa, na mkewe Salwa humwacha kwangu, na kila safari hunishika mkono pale mlangoni akaniambia mama, Salwa ni amana yangu kwako. Na Salwa mwenyewe, Bi Ummi, sitaki kukuficha, nampenda kuliko nilivyotarajia kumpenda mke wa mwanangu. Ni mtoto wa Kombani, anafundisha chekechea hapa karibu, akicheka majirani wote wanajua, na amenizoea hata akinikosoa upishi wangu mimi hucheka.

Tangu alipoletwa bibi arusi alikuwa mnene, nami nilimpenda hivyo hivyo, lakini ule unene ukazidi ukamletea sukari na presha, na magoti yakamkataa kabisa, hata mbuzi ya kukunia nazi hakuweza kuikalia, ikawa miaka sita nakuna mimi na yeye amesimama ananipigia hadithi za watoto wake wa shule. Mwaka jana madaktari wa Mombasa wakamwambia afanyiwe operesheni ya kupunguza tumbo, Ishak akakubali, mimi nikalia, nikakubali. Tulijua sisi watatu tu. Mamake hakumwambia kwa sababu yule mama akisikia neno kisu tu hulala siku mbili.

Akarudi salama, alhamdulillahi. Tumbo walilomwachia, nesi Mercy wa kliniki alinionyesha kwa vidole, ni kadiri ya yai. Akatupa karatasi ya masharti tukaibandika jikoni: ale vijiko vichache, atafune sana, aanze na samaki au yai au maharage, maji asinywe mpaka nusu saa ipite baada ya kula, dawa zake za vitamini kila siku, na sukari na asali na mafuta mengi akae navyo mbali. Tukaishi hivyo miezi saba. Unene ukashuka, dawa za sukari zikapunguzwa, akaanza kwenda kwa miguu mpaka ufukweni na kurudi hata hahemi. Nilikuwa namtazama nikimshukuru Mungu.

Sasa balaa. Kulikuwa na arusi kwa jirani, tukakalishwa wanawake wanne kwenye sinia moja la pilau, na Salwa akala matonge matatu akanawa. Bi Jumwa, ambaye mdomo wake haujui mlango, akasema kwa sauti mbele ya masinia yote, "Ee Mwanafatuma, mkweo umemfungia jiko?" Wakacheka. Na wengine hawakucheka, walimtazama mikono wakanong'onezana ugonjwa, nawe unajua ugonjwa gani. Wiki ile ile mamake Salwa akaja kututembelea kutoka Kombani. Akamshika bintiye kifundo cha mkono, akakizungushia vidole. Kesho yake akatuma kuku wawili wazima na kopo la samli. Bi Ummi, mtu akimletea bintiye chakula nyumbani kwa mkwewe anakuwa amesema nini? Nilikaa na lile kopo mapajani, uso umenivimba kwa aibu.

Ndipo nikafanya nililolifanya. Nilijiambia hivi, kama vijiko vyenyewe ni sita tu, basi kila kijiko na kiwe na nguvu ya sahani nzima. Nikaanza na asali kwenye uji wake wa asubuhi, maana asali ni dawa, hata vitabuni imesemwa. Kisha tui la kwanza, zito, kwenye supu yake ya samaki, halafu na ile samli ya Kombani juu yake. Nikamwambia ni uji mtupu, ni supu tupu. Alinywa. Alinisifu.

Robo saa haikupita, jasho likamtoka, moyo ukamwenda mbio, tumbo likamkata, akakimbilia chooni, akatoka akalala kama mtu aliyepigwa. Mara ya kwanza wallahi sikujua. Mara ya tano nilijua. Nilijua, na bado niliendelea, nikijidanganya kwamba mwili utazoea, na kwamba Ishak anarudi mwezi ujao amkute na mashavu. Siku moja alianguka darasani mbele ya watoto, wakamletea maji na vikombe vyao vya plastiki. Tangu hapo nimeacha, sijatia kitu, naapa.

Lakini kuacha kwangu hakujasaidia, na hili ndilo linaloniua. Salwa sasa anaogopa chakula chochote. Anakoroga uji mpaka unapoa, anaonja ncha ya kijiko, anauweka. Juzi aliniuliza, "Mama, niambie kweli, mimi nakosea wapi? Mbona wenzangu wameweza na mimi nimefeli?" Nikamwambia hujakosea mwanangu, nikageuka nikaosha sufuria iliyokuwa safi. Na hospitali wamemwita Alhamisi hii wamtie mpira wenye kamera kooni, na daktari amesema akiona ndani hapako sawa huenda wakamfungua tena. Wamfungue tena, Bi Ummi, watafute ugonjwa niliompikia mimi.

Je, nimwambie? Ama kwa kuwa nimeshaacha ninyamaze tu, atapona mwenyewe? Nikimwambia hatakula tena kitu nilichoshika kwa mikono yangu, atarudi kwao, na Ishak nitamtazama kwa macho gani? Sina binti mwingine.

Ni mimi, mama mwenye hatia, Munje.

*

Marahaba, Mwanafatuma. Nimekuzidi miaka mitatu, kwa hiyo nitakugombeza kwa haki yangu.

Barua yako ilifika mezani kwangu Jumatatu, na kwa kuwa Alhamisi isingengoja gazeti, nilikupigia papo hapo kwa namba ya simu uliyoniachia. Ninayoyaandika hapa ndiyo niliyokuambia, ila kwenye simu nilipaza sauti zaidi.

Kwanza, nakuonea huruma, tena sana. Maneno ya kwenye sinia yanachoma, na kopo lile la samli lingenichoma hata mimi. Umemlea mke wa mwanao kama uliyemzaa, halafu kijiji kizima kinakutazama kama mtu anayemnyima chakula, nawe huwezi kujitetea kwa sababu siri si yako. Hiyo ni kazi ngumu na hakuna aliyekupa pole. Pole, mama.

Sasa nisikilize. Mara ya kwanza ulikosea. Kuanzia mara ya tano ulikuwa unamtia mtu ugonjwa huku unajua, na ulikuwa unamlisha Bi Jumwa, hukumlisha Salwa. Yale mashavu uliyoyataka yalikuwa ya kuwaonyesha watu. Asali ni dawa, nani amekataa? Dawa hupewa mgonjwa kwa kipimo na kwa kuambiwa, haifichwi kwenye uji. Nimemuuliza daktari anayewaona watu waliofanyiwa operesheni hii, akanieleza kwamba tumbo likishakuwa dogo hivyo, utamu na mafuta huteremka kwenye utumbo kwa pupa, na mwili ndio hutoa lile jasho na lile tumbo la kukata. Mwili wa Salwa ulikuwa unafanya kazi yake barabara. Ulikuwa unakataa kitu ulichokatazwa wewe kwenye karatasi iliyobandikwa jikoni kwako. Karatasi hiyo uliisoma, mama! Umeniandikia masharti yote bila kukosea hata moja.

Unauliza kama unyamaze. La! Ungenyamaza kama kilichoharibika ni tumbo peke yake. Uliloliharibu ni jingine: umemfanya mwanamke aliyejitahidi miezi saba aamini kwamba ameshindwa. Anakuuliza anakosea wapi na wewe unaosha sufuria safi. Hilo halitaondoka kwa wewe kuacha asali. Litaondoka kwa mdomo wako, tena leo hii, jua halijazama, kabla daktari hajashika mpira wake.

Mwambie mkiwa mmekaa, simu zimezimwa. Anza na neno lenyewe: nilikutilia asali, tui na samli. Usianze na Jumwa, usianze na mamake, usianze na machozi, maana ukianza na machozi yeye ndiye atakayekubembeleza na hiyo si haki. Akinyamaza, mwache anyamaze. Akikasirika, ana haki, na usimwambie ulifanya kwa mapenzi. Analijua hilo, na ndiyo sababu litamuuma zaidi. Alhamisi uende naye, na wewe kwa ulimi wako umwambie daktari ulichotia, kiasi gani, tangu lini. Daktari ndiye ataamua kama kipimo bado kinahitajika, si wewe wala mimi.

Ukirudi jikoni, na atakuruhusu urudi kwa wakati wake, upishi wako usiutupe. Wewe ni fundi wa kupika, basi fundi apike samaki changu wa kuchemsha kwa ndimu na kitunguu, aive mpaka mwiba utoke wenyewe. Mpakulie kwenye kisahani cha kikombe cha chai, sahani kubwa isimtishe. Na wewe chukua kisahani chako ukae naye mpaka amalize, hata ikiwa nusu saa, ule, usimhesabie vijiko. Mtu hawezi kumeza akiwa anachungwa.

Mamake mwachie Salwa mwenyewe amwambie, ila mwombe asichelewe, maana yule mama wa Kombani naye hapati raha huko aliko. Ishak mtamwambia nyote wawili. Na Bi Jumwa jibu lake ni fupi: "Mkwe wangu alikuwa na sukari, ametibiwa, anaendelea vizuri." Halafu umuulize habari za kwake. Hana haki ya zaidi.

Hayo ndiyo niliyokuambia Jumatatu. Ulilia, ukakata simu, nikadhani nimekupoteza. Ijumaa ukapiga, na kwa kuwa Salwa ndiye aliyetoa ruhusa barua hii ichapishwe, majina yakiwa yamebadilishwa, nitawaambia wasomaji uliyonieleza.

Ulimwambia Jumatatu ile ile, mmekaa barazani. Akaingia jikoni, akabandua ile karatasi ya nesi Mercy, akarudi nayo, akakusomea mstari kwa mstari, na kila mstari akakufanya uurudie kwa sauti kama anavyowafanya watoto wake wa chekechea. Ulipofika kwenye sukari na asali sauti ikakukatika, akangoja mpaka ukamaliza. Kisha akasema, "Kumbe sijafeli?" Akalia kwa kwikwi, akarudia tena na tena, kumbe sijafeli, kumbe ni asali tu. Nawe ulipotaka kumshika akasema, "Usinishike kwanza, mama. Nimekukasirikia." Siku mbili alijichemshia mayai yake mwenyewe. Alhamisi mkaenda, ukajieleza kwa daktari huku umetazama viatu vyako, na daktari akauweka mpira kando, akasema arudi baada ya wiki mbili amtazame tena.

Kisha ukaniambia, na hapo ndipo sauti yako ilipobadilika, kwamba asubuhi ile ya Ijumaa Salwa alikuja jikoni akasema, "Haya, nipikie uji." Ukawasha jiko. Yeye akaivuta mbuzi yako ya kukunia nazi, akaifungua pale jikoni kati, akaikalia, akakunja mikono kifuani. Anasema analinda nazi. Anasema hataondoka hapo mpaka uji uive, na kesho vivyo hivyo, na kesho kutwa.

"Bi Ummi," ukaniambia, "ameikalia! Miaka sita hakuweza. Magoti yamekunjika."

Basi mwache aikalie, mama, hata mwaka mzima akitaka. Wewe koroga uji wako, mtupu, na umpe yeye aonje wa kwanza.