Bakuli la Silva na Nyundo ya Wafula

Jumatatu, 4 Mei
Omena, dagaa ninaouza, wameisha mapema. Nikapitia kwa watu wa skrapu, wauza vyuma chakavu, Kawangware kama kawaida, na leo, ghai! Bakuli la silva, fedha halisi, mkono wake umeng'oka. Ni kazi ya wale mafundi wa Uingereza wa zaidi ya miaka mia iliyopita, waliochoshwa na vitu vya mashine wakarudi kwa nyundo. Alama za nyundo waliziacha makusudi, zimejaa kama magamba ya samaki. Vijiko vyao ninavyo vichache. Bakuli sijawahi kupata. Nina furaha ya kijinga.

Jumanne, 5 Mei
Nimempelekea Wafula, fundi wa sufuria pale Kabiro, aurudishe ule mkono. "Niachie tu, Mama Achi. Utashangaa." Nimerudi nikiimba.

Jumatano, 6 Mei
Nitashangaa nini? Kazi ya Wafula ni kunyoosha sufuria zilizobonyea. Na mimi sikumwambia kitu kuhusu zile alama! Simu yake imezimwa. Mvua tangu asubuhi, huku kwetu Gatwekera kote ni tope, hakupitiki.

Alhamisi, 7 Mei
Amenyoosha. Upande mmoja wote, laini kama sahani ya hoteli. Nimeingia nikipiga kelele kabla hajagusa wa pili. Nimelia mbele ya wateja wake na sioni haya. "Lakini lilikuwa limebonyea kila mahali!" Maskini. Kwake hiyo ni heshima, kumrudishia mtu chombo bila bonde hata moja. Nilitaka kumchukia, nikashindwa. Nikamwonyesha upande uliobaki, nikamwambia kila bonde hapo ni pigo la mtu, alilipenda akaliacha. Akaligeuzageuza.

Jumamosi, 9 Mei
Bado nina hasira. Bakuli liko mezani, mkono wake umesharudi, nusu la Mwingereza, nusu la Wafula. Siliangalii.

Jumapili, 17 Mei
Baada ya kanisa, Wafula amekuja mpaka nyumbani. Ameleta kijiko cha shaba, amekipiga mwenyewe. Alama za nyundo zote ziko, hakusawazisha hata moja. "Mkono wangu ulikuwa unaniwasha kuzisawazisha, Mama Achi. Nikaukataza." Kimepinda kidogo. Ni kizuri sana. Nimempa chai. Halafu, macho chini, akaomba alichukue bakuli tena, ajifunze ule upande uliobaki. Nimeogopa. Nikalifunga kwa leso, nikampa.