Frigo yangu inalia tangu yenga tatu

Bunia, siku ya ine ya wiki. Mvua ilinyesha tangu asubui, sasa imekatika, na matope iko mpaka ku mulango. Roho yangu pia iko vile.

Wale wananisoma hapa kila siku wananijua. Kwa wageni: Mutaa wetu wa Bigo yote wananiita Dokta. Dokta ya frigo. Masomo nilifikia ya pili sekondari, tukaachana bila kugombana. Lakini nimefika Kampala mara mbili, nimefika Kisangani, na Dubai ninaijua kushinda wale wamefika, sababu frigo za Dubai zinakuja kumalizia maisha mu mikono yangu. Hakuna frigo mu muji huu ilinishinda.

Ila moja tu. Ya kwangu.

Ni frigo kubwa ya milango mbili: chini frigo, juu konjelateri, ile ya kugandisha barafu. Mulango ya juu ikibakia wazi hata kidole moja, taa nyekundu inawaka na alarme inaanza: ti, ti, ti. Inakuambia baridi inakimbia. Ni kitu ya mapendo. Sasa yangu, wiki tatu hizi, ilianza kulia kila asubui, wakati mimi niko kazini, na ukiangalia kwa mbali mulango ni kama imefungwa. Muke wangu Espe ananiita ku simu. Ninarudia na moto, ile pikipiki yangu, ninafungua, ninafunga vizuri, inanyamaza. Kesho inalia tena.

Mama Rachel, jirani yetu, mutu wa Butembo, mwenye kuweka samaki zake za soko mu konjelateri yetu, alinitania mbele ya watu: "Dokta, mugonjwa ya kwako analia, weye unaenda kuponesha ya wengine."

Nilicheka na wao. Lakini ilinichoma.

Nikaishika ile frigo kama ya gavana. Nilisafisha kauchu, ule mupira wa kuziba mulango, na maji ya vuguvugu na sabuni. Nikaweka noti ya franka mia tano kati ya kauchu na mulango, nikafunga, nikavuta: noti ikakataa kutoka. Kauchu muzima. Nikainua miguu ya mbele na kipande ya mbao, ili frigo ilale kidogo nyuma na mulango ijifunge yenyewe. Nikazima, nikaweka sahani ya maji ya moto ndani, barafu yote ikaanguka. Nikabadilisha hata kile kitufe kidogo kinachosikia mulango. Kila mara nikimaliza, kimya. Nikitoka nyumbani, ti, ti, ti.

Kuna swali moja ninauliza kila kliya, mwenye frigo, mbele ya kufungua sanduku ya vyombo: ilianza siku gani? Ukijua siku, umejua ugonjwa. Vijana wote niliwafundisha kazi niliwaambia hivyo.

Mimi mwenyewe sikujiuliza.

Sasa niseme kitu sijaambia mutu, hata Espe. Mama yangu anakaa kwetu tangu mwaka jana. Vita ilipofika kwetu, kule Djugu, alitembea siku mbili, akaingia Bunia na sufuria moja na kifurushi ya mbegu ya maharagi. Baba alikataa kutoka. Alisema hawezi kuachia wezi shamba aliyolima miaka makumi ine. Basi kila yenga, siku ya Mungu, misa ikiisha, ninaenda ku parking ya moto kungoja motari moja, dereva wa moto, anayepita kule kwetu. Baba anamupatia salamu na mahindi kidogo ya mama. Ile mahindi njo ilikuwa barua yao.

Yenga moja motari alishuka mikono mitupu. Hakuzima hata moto yake. Akaniambia wenye silaha walikuja asubui, Baba alikuwa mu shamba, na watu watatu waliobakia walimuzika kule kule, mbio mbio. Kisha akaniomba musamaha kama vile ni yeye alifanya.

Mimi mwenye mudomo, mimi mwenye kuchekesha hata mu kilio ya watu, nikahesabu franka za mufuko pale parking. Nikaenda soko. Nikanunua mahindi sita. Nikarudi nyumbani nikasema: "Mama, Baba anakusalimia."

Mama akapokea na mikono mbili. Akachoma, akakula, akasema nimwambie Baba aksanti.

Yenga ya pili, vile vile. Ya tatu, vile vile. Nilikuwa najiambia: acha njia ifunguke, tutaenda kulia kwenye kaburi, njo nitasema. Uongo mutupu. Niliogopa uso ya mama yangu, basi.

Leo kliya wa mutaa wa Mbunya aliniambia nisije sababu ya mvua. Nikarudi nyumbani saa ine ya asubui, bila kuambia mutu. Espe alikuwa ku soko. Alarme ilikuwa inalia. Nikaingia polepole kwa jikoni, nishike ugonjwa yenyewe mu kazi.

Nikakuta mama amekaa kwa kiti kidogo mbele ya konjelateri wazi. Ku magoti yake, kile kifurushi ya maharagi. Alikuwa anakifungua, anagusa mbegu na vidole, anafunga tena. Kisha akasimama akakisukuma mu kipango ya juu, ile sanduku ya kuvuta, mbele ya samaki ya Mama Rachel. Kipango haikuingia mpaka mwisho. Mulango ikabakia na nafasi ya kidole.

Ti, ti, ti.

Nikaelewa kwa nini sikukipata: kila mara nikisema ninatengeneza frigo, anakitoa mbele sijafungua, anaacha kipango wazi kidogo, na kukificha ndani ya kitenge yake.

Nikaanza na michezo yangu. Nikamwambia kumbe ni yeye analiza mutoto yangu, nitamulipisha. Hakucheka. Kile kifurushi kilikuwa kinatundikwa juu ya moto ya jikoni tangu alifika, mu moshi, ili bidudu isile mbegu. Msimu ukifunguka wapande, yeye na Baba. Nikamuuliza kwa nini amekitoa kule. Na mudomo yangu, kwa desturi ya kazi tu, ikaongeza: "Ilianza siku gani?"

Mama akaniangalia.

"Ile yenga ulileta mahindi ya soko."

Nikashika mulango ya konjelateri, sikuifunga.

"Baba yako anafunga mahindi mbili mbili na maganda yake," akasema. "Tangu tuko vijana. Ile yako ilikuja moja moja, mu sasheti ya plastiki."

Nimekula mahindi ya ule muzee maisha yangu yote. Mara mia nimefungua yale mafundo. Sikuwahi kuyaangalia.

Nikamuuliza, kama ulijua, kwa nini ulinyamaza, ukakula, ukatuma aksanti. Akanijibu bila kasirani, na hiyo ilikuwa mbaya kushinda kofi. Akasema kwetu kifo ya baba ni mutoto mukubwa anaitangaza. Mutoto asiposema, mujane hawezi kukaa chini, hawezi kunyoa nywele, hawezi kulia. Alikuwa ananingoja. Mbegu hakuweza kupanda, hakuweza kupika. "Weye ulijisifu siku nilifika hapa, ukasema mule ndani kitu inabakia vile iko. Nikaiweka mule."

Yenga tatu mama yangu amekaa mu nyumba yangu na kilio yake imefungwa, sababu yangu. Na mimi niko ninapima kauchu.

Nikapiga magoti. Nikasema: "Mama, Baba amekufa."

Maneno tatu. Nilizibeba kama gunia.

Akatoa kitambaa ya kichwa. Akakaa chini ku sakafu ya simenti, miguu mbele. Halafu akalia, sauti sijawahi kuisikia kwake, hata siku alifika na miguu imevimba. Nikalia na yeye, Dokta muzima, na kamasi. Nyuma yetu konjelateri wazi, alarme inaita, hakuna mwenye kuinuka.

Mama Rachel alisikia, akaingia na mudomo tayari kunicheka tena. Akatuona. Akatoa kifurushi, akafunga mulango na kiuno, akaja kukaa chini na mama.

Alarme ikakatika. Haijalia tena, hata sasa ninaandika.

Mangaribi hii watu wamejaa ku parsele, mu uwanja wa nyumba. Espe ametandika mikeka. Amenikasirikia, na yuko sawa. Mama amenyolewa nywele. Amegawanya maharagi mbili: nusu itapikwa kesho kwa wale wanakuja kilio, sababu Baba hakuwahi kuachia mugeni aondoke na njaa. Nusu ingine ni ya kupanda.

Lakini niliigusa. Ilikuwa na maji maji. Mbegu yenye maji ikilala mu konjelateri inakufa ndani, kwa macho inabakia nzuri. Hiyo ninaijua, njo kazi yangu. Nilitaka kunyamaza. Nilikuwa nimekwisha kutengeneza hata kichekesho ya kufunika.

Nikamwambia.

Akafuta macho, akahesabu mbegu kumi, akazifunga mu kitambaa yenye maji, akaniwekea mu mikono. Nimeiweka nyuma ya mulango ya jikoni. Inaomba siku ine, tano, tuone kama itaota.

Je, ndani kuna uzima ao hakuna? Sijui. Nitafungua mbele yake, na ile tutakuta mule, mimi njo nitaisema wa kwanza.