Kiti cha Dereva Sebuleni

Soko la Suneka,
kupitia Posta ya Kisii.
17 Agosti 1974

Mpendwa kaka Machogu,

Nakusalimu kutoka huku kwenye mvua hadi huko Mombasa kwenye jua. Mgongo wako umepata nafuu? Watoto je? Sisi tu wazima. Mwanangu Kemuma ameng'oka meno mawili ya mbele, na mluzi wake sasa ni hewa tupu.

Barua yako ilifika. Ulinishauri nimwachie shemeji Ondieki pikapu ya marehemu mume wangu ili nipate amani. Kaka, nakuheshimu, lakini sikukufuata. Thadeus na mimi tuliuza ndizi miaka sita ndipo tukaipata. Amani ya kuitazama ikiondoka siitaki.

Baada ya mazishi, baba mkwe, Mzee Obwocha, aliuchukua ufunguo. Alisema gari litamngoja mtu wa familia mwenye leseni. Ondieki akaruhusiwa kujifunza nalo. Nilipoomba zamu yangu, walicheka.

Basi nikajitengenezea gari. Kwa fundi wa hapa sokoni nilipata kiti cha lori bovu na usukani uliopinda kidogo. Pedali ni vipande vitatu vya mbao, nimevifunga kwa mpira wa tyubu ili virudi vikikanyagwa. Gia ni mpini wa jembe. Saa ya mwendo nimeichora kwenye boksi la sabuni. Mshale wake hausogei, kwa hiyo sijavunja sheria hata siku moja.

Kwanza nilikiweka kiti barazani. Mzee akaamuru kivunjwe, eti ni aibu mjane kucheza. Nikakihamishia sebuleni. Unazijua chinsoni zetu, miiko ya heshima: baba mkwe havuki mlango wa mke wa mwanawe. Akabaki nje akigonga fimbo chini, nami ndani napanda mlima wa Manga kwa gia ya pili.

Akamtuma Ondieki akitoe. Alinikuta nimekikalia.

"Shemeji, umeshafika Nairobi?"

"Nimeipita zamani, sasa narudi. Toka barabarani."

Alitoka, kaka!

Mwalimu wangu ni jirani yangu Kaltuma, muuza vitambaa, ambaye mumewe Gulled ni dereva wa lori. Hukaa kigodani kando yangu akipiga kelele: "Ng'ombe! Breki! Umeshamuua, lipa!"

"Alikuwa wa nani?"

"Wa baba mkwe wako!"

Huwa tunacheka mpaka naacha usukani. Siku nyingine nalia kidogo. Thadeus alizoea kugonga usukani kwa kidole mara mbili kabla ya kona, na nimegundua nami nafanya hivyo bila kujua.

Jumapili nne Gulled alinipa lori lake uwanjani. Alhamisi ya wiki jana nikaenda Kisii kutahiniwa. Kwenye mwinuko nilijisahau, nikaanza kunguruma kwa mdomo kama nyumbani. Askari aliyenitahini akanigeukia.

"Mama, gari hili lina injini ngapi?"

"Samahani, afande. Nimezoea kuwa injini mwenyewe."

Aliinamisha uso akaandika. Nimepita. Ondieki bado hajathubutu kwenda.

Nilimpelekea Mzee leseni, nikasimama mbali kidogo kwa heshima. Aliigeuza mara mbili.

"Hii ni ya mwanamke," alisema.

"Baba, ulisema mtu wa familia. Mimi ni wa familia gani?"

Aliigeuza leseni mara ya tatu. Kisha akautoa ufunguo mfukoni, akauweka juu ya jiwe katikati yetu. Nikauokota.

Jumatatu alihitaji kwenda hospitali kwa ajili ya macho. Kando ya mke wa mwanawe hawezi kukaa, basi alipanda nyuma katikati ya ndizi, kofia ameishika kwa mikono miwili. Njia nzima nilimsikia: "Mama Kemuma, punguza mwendo!" Nilikuwa gia ya kwanza.

Msalimie wifi Persis na mama mkwe wako, na umwambie mwanao Manasseh asiache shule. Mungu awafunike kwa rehema yake, awape chakula na usingizi.

Ukija Desemba kwa treni, usitafute gari la kukodi. Nitakuja Kisumu kukuchukua mimi mwenyewe. Wewe ni ndugu yangu, utakaa mbele.

Ni mimi dada yako akupendaye hata tukibishana,
Drusilla