Meli Iliondoka Nikiwa Iftin

Kambi ya Ifo,
Dadaab, Garissa.
27 Februari 2025.

Mpendwa dada Barwaqo,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Hujambo huko Perth? Mjomba, Abti Abdiwahid, anaendeleaje na goti lake? Na wewe, kile kikohozi ulichokuwa nacho siku ile tulipoongea kwa simu kimekwisha? Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Joto ni lile unalolijua, la kumfanya mtu alowe jasho akiwa ameketi. Ramadhani ni keshokutwa inshallah, na bei ya tende sokoni imeshapanda.

Nakuandikia kwa Kiswahili kama tulivyozoea tangu shuleni, wewe na mimi tukipitishiana vikaratasi darasani. Simu sikuiweza. Kila nikitaka kukupigia najua nitalia kabla sijamaliza salamu.

Nilikwambia mwaka jana kwamba nimepata kazi ya kukagua vipimo vya bahari, ukacheka ukauliza bahari ipi iliyohamia Dadaab. Basi nikueleze vizuri. Baharini duniani kote kuna maboya karibu elfu nne. Kila boya huzama hadi kilomita mbili chini, na kila baada ya siku kumi hupanda juu likipima joto na chumvi ya maji, kisha hutuma habari kwa setilaiti. Moja ni la India, jingine la Australia, jingine la Ufaransa, lakini vipimo ni vya kila mtu. Hakuna anayemficha mwenzake. Kwa vipimo hivyo, watabiri wa hali ya hewa hujua mapema kama mvua zetu zitakuja au zitatupita. Unakumbuka ukame ule uliomaliza mbuzi wa majirani zetu wote? Ndiyo maana niliipenda kazi hii.

Mimi asubuhi nafundisha jiografia, alasiri nafungua kompyuta pale kituo cha vijana na kutafuta maboya yaliyoharibika yanayotuma uongo. Mkuu wa kikundi chetu ni mama mmoja wa Mauritius, Dkt. Devika. Mwezi wa Novemba niligundua boya ambalo chumvi yake ilikuwa ikipanda kidogo kidogo, na wakaguzi wa nchi tatu walikuwa wameshalipitisha. Devika akaniandikia kuwa meli itaondoka Mombasa tarehe 12 Februari kwenda kushusha maboya mapya sita, na nafasi moja ni yangu.

Barwaqo, nina miaka ishirini na sita. Nimezaliwa Ifo. Sijawahi kuvuka daraja la Garissa.

Niliomba kibali cha kutoka kambini siku ileile nilipopata mwaliko. Nilifuatilia wiki kumi. Kilipotoka, ilikuwa Ijumaa saa sita, na mahali pa kuandika niendako waliandika Nairobi badala ya Mombasa. Niliona kosa nikiwa bado dirishani, lakini karani alikuwa ameshafunga na kwenda zake. Jumapili nikapanda basi hivyohivyo. Ningefanya nini?

Kwenye kizuizi cha polisi, hapo darajani Garissa, walitushusha wote. Askari aliyechukua karatasi yangu alikuwa mtu wa Meru, anaitwa Mwenda. Hakuwa mbaya. Aliisoma mara mbili, akasoma na barua ya meli.

"Dada, hii inasema Nairobi. Basi hili linakwenda Mombasa."

"Waliandika vibaya. Barua hiyo hapo, afande. Meli ni ya Jumatano."

"Naiona. Lakini mimi siandiki, mimi nasoma tu."

"Nipitishe, nitakuombea dua maisha yangu yote."

Akatazama basi, akanitazama. "Nikikufumbia macho hapa, mbele watakushusha, na huko utalala selo. Rudi ofisini warekebishe."

"Ofisi inachukua wiki."

Alinirudishia karatasi kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa pole msibani. Utingo akanitupia begi langu, basi likavuka. Nikabaki nimesimama upande huu nikiutazama mto. Ng'ambo ya pili palikuwa pale pale karibu, mtu ningeweza kumwita akaitika.

Nilienda kwa shangazi, eeddo Qali, mtaa wa Iftin hapo mjini. Jumatatu na Jumanne nilishinda nikizunguka ofisi za mjini. Kila mahali waliniambia kibali hurekebishwa kule kilikotolewa. Jumatano asubuhi Devika akanitumia ujumbe mfupi: "Tunang'oa nanga. Pole sana, Hinda." Nililala kifudifudi juu ya mkeka, eeddo akaleta chai, ikapoa. Sikuweza kurudi Ifo kwa sababu Mama alishatangaza bloku nzima kwamba bintiye yuko baharini. Sikuweza kwenda mbele. Hata begi sikulifungua.

Siku ya nne yake Devika akaniuliza kama naweza kukagua majaribio ya maboya kabla hayajashushwa, kwani wimbi lilikuwa kali na wenzake wawili walikuwa wanatapika. Nilikaribia kukataa. Nilikuwa na hasira, hasira hata na yeye. Halafu nikafungua begi, nikaitoa kompyuta niliyoazimwa na kituo, nikaiwasha.

Boya la kwanza hadi la nne yalikuwa sawa. La tano, likiwa bado limelala juu ya sitaha, lilikuwa linasema liko mita kumi na mbili chini ya maji. Nilisoma tena. Nikapiga simu ya meli, ikakatika. Nikaandika: "Msilishushe la tano! Kipimo chake cha kina kimeharibika." Dakika tisa hakuna jibu. Eeddo Qali, ambaye hajui boya ni kitu gani, alisimama mlangoni akisoma Ayatul Kursi.

Jibu likaja: "Lilikuwa tayari kwenye kamba. Tumelirudisha ndani." Lingedanganya nchi zote kwa miaka minne.

Nilifurahi, siwezi kukuficha. Niliruka juu, eeddo akapiga vigelegele. Kisha nikaketi, na kuta zikawa ni zilezile.

Kesho yake nilirudi Ifo. Mama alinikuta mlangoni, akanishika mabega akanusa ushungi wangu. Nikadhani atalia.

"Hukufika," alisema.

"Sikufika, Mama. Walinirudisha darajani."

Akaniketisha. Hakumlaani mtu. Akaniambia jambo ambalo hajawahi kulitaja: kwamba kwao Kismayo, dirisha la chumba chake lilitazama maji, na kwamba tangu mwaka tisini na moja amejizuia kuyafikiria.

"Hiyo mashine yako inajua maji ya Kismayo?"

Nilitafuta boya lililo karibu zaidi na pwani ile. Lilikuwa limepanda usiku uliopita. Nikamsomea: juu, nyuzi joto ishirini na saba na nusu. Chini kabisa, nyuzi mbili na nusu.

"Ishirini na saba," akarudia. "Basi ni ya kuogelea." Akafunika uso kwa mtandio wake wa garbasaar, na safari hii alilia kweli, nami nikalia naye.

Meli nyingine itaondoka Septemba. Nimeomba kibali tena Jumatatu. Nimeandika Mombasa kwa herufi kubwa, mara tatu.

Nisalimie sana Abti Abdiwahid, mumeo Salah, na watoto, Muslimo na mdogo wake. Eeddo Qali anakusalimu. Mama anakuomba ukienda ufukweni utie miguu majini kwa niaba yake. Mwenyezi Mungu akulinde ugenini, awafungulie njia wote waliofungiwa, na atukutanishe tukiwa hai.

Ni mimi nduguyo nikupendaye,
Hinda